Marupurupu ya shule maalumu yanavyowapita walezi na wapishi Athi River

MWALIMU aliyesomea elimu maalumu na anayefundisha katika shule au kitengo cha watoto wenye ulemavu nchini Kenya hulipwa na Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, marupurupu ya Sh10,000 kila mwezi juu ya mshahara wake. Mlezi anayemwamsha mtoto yuyo huyo alfajiri, akamwosha, akamvisha, akamlisha na kumsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi mlangoni mwa darasa la mwalimu huyo, hana mstari wowote katika hesabu hizo.

Hilo ndilo chimbuko la madai ya muda mrefu kwamba wafanyakazi wasio walimu katika shule maalumu nao watengewe malipo ya motisha. Katika mji wa Athi River, Kaunti ya Machakos, suala hilo lina uzito wa kipekee. Mji huu umezungukwa na viwanda vya saruji, una kiwanda cha nyama cha Tume ya Nyama ya Kenya, KMC, na una eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje, EPZ, lililotokana na sheria ya mwaka wa 1990. Mwanamke mwenye nguvu na subira ya kumwinua mtoto wa kilo arobaini mara kadhaa kwa siku anaweza pia kuajiriwa kushona nguo au kufunga mizigo, kisha akarudi kwake jioni bila kuitwa usiku. Shule ikimpoteza haipotezi mikono tu, bali pia mtu pekee anayejua kwamba mtoto fulani akikunja ngumi anataka maji, na mwingine akinyamaza ghafla, kifafa kinamjia.

Ni vyema kueleza kwanza kazi yenyewe, maana jina la 'wafanyakazi wa kusaidia' huificha. Katika shule ya kawaida ya bweni, matroni huhesabu wanafunzi, hukagua usafi na huwapeleka wagonjwa zahanati. Katika bweni la watoto wenye ulemavu wa viungo, yapo mambo ambayo hayangojei asubuhi. Mtoto asiyeweza kujigeuza kitandani hana budi kugeuzwa usiku, la sivyo atapata vidonda vya kulalia. Aliyezaliwa na mgongo wazi huenda akahitaji kutolewa mkojo kwa mpira kwa saa maalumu, na mikono ya anayefanya hivyo isipokuwa safi, figo za mtoto huwa hatarini. Mwenye mtindio wa ubongo akilishwa akiwa amelala chali anaweza kupaliwa, chakula kikaingia mapafuni. Kwa hiyo mpishi wa shule hiyo hapiki tu, bali husaga, huchuja na hupima uzito wa uji. Katika bweni la watoto viziwi, king'ora cha moto hakimwamshi mtu. Bawabu na mlezi wa zamu ndio king'ora.

Hakuna hata moja kati ya kazi hizo ambayo mtu huzijua kwa kuzaliwa. Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, iliyoanzishwa mwaka wa 1986, imewafunza walimu wengi wa fani hii. Mlezi hujifunza kwa kumtazama mlezi aliyemtangulia, na anapoondoka huondoka na ujuzi wote.

Sheria inamwonaje mtu huyu? Amri ya kima cha chini cha mishahara iliyoanza kutumika Novemba 1, 2024, kama zilivyofanya amri zilizoitangulia, imemweka yaya wa watoto katika fungu moja na mfagiaji, mtunza bustani, mtumishi wa nyumbani, tarishi na mlinzi wa mchana. Mpishi yuko fungu la juu kidogo. Mlinzi wa usiku ana fungu lake, la juu zaidi. Mlezi wa usiku hana fungu. Huenda walioandika orodha hiyo walikuwa na nyumba za watu binafsi akilini na wala si mabweni ya shule, lakini ndiyo orodha ambayo bodi hufungua inapotafuta kiwango cha chini isichoruhusiwa kukiuka.

Katika orodha hiyo Athi River imetajwa, japo kwa jina la Mavoko. Viwango vimegawanywa mara tatu: miji mikubwa ikiwemo Nairobi na Mombasa; kisha zilizokuwa manispaa pamoja na mabaraza ya miji ya Mavoko, Ruiru na Limuru; halafu sehemu nyingine zote. Kwa amri ya 2024, mfanyakazi wa fungu la yaya na mfagiaji katika Mavoko hapaswi kulipwa chini ya Sh14,866.90 kwa mwezi. Akiongezewa asilimia 15 ya nyumba inayotakiwa na sheria, anafikia takriban Sh17,097. Kwa viwango vya makato vya mwaka wa 2025, hazina ya uzeeni ya NSSF, bima ya afya ya jamii na ushuru wa nyumba vilichukua karibu Sh1,750 kati ya hizo.

Mwenzake aliyeajiriwa katika eneo la mashambani la Masinga, ndani ya kaunti iyo hiyo ya Machakos, kima chake cha chini ni Sh8,596.45. Tofauti ya mishahara hiyo miwili ni zaidi ya Sh6,200, ilhali mtoto anayehudumiwa ana uzito ule ule. Mgawanyo huu ulitokana na gharama ya maisha mjini, na kwa kazi nyingi una maana. Kwa shule maalumu hauna mantiki nzuri, kwa kuwa shule hizi ni chache na huwapokea watoto kutoka mbali. Shule ya Masaku ya watoto wenye ulemavu wa viungo, iliyoko mjini Machakos, ni mfano wa shule ambayo jina lake linajulikana mbali na inakopatikana.

Swali gumu si kama mlezi anastahili nyongeza. Ni nani atakayeilipa. Walimu wanaye mwajiri mmoja, TSC, ambaye Katiba ya 2010 imempa kifungu chake cha 237. Wafanyakazi wasio walimu wanao waajiri wengi kama zilivyo shule zenyewe: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeipa Bodi ya Usimamizi ya kila shule jukumu la kuwaandika na kuwalipa. Chama cha KUDHEIHA, kinachowatetea, hujikuta kikibisha milango mingi mahali ambapo vyama vya walimu hubisha mmoja.

Na bodi hiyo haina kisima cha fedha. Hutegemea mgao wa serikali kwa kila mwanafunzi pamoja na mchango wa wazazi, ambao una mpaka; tangazo la gazeti rasmi la serikali la Machi 2015, kwa mfano, liliweka karo ya shule maalumu za sekondari isizidi Sh37,210 kwa mwaka. Mgao wenyewe hukawia, na hupungua. Mnamo Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba serikali haikumudu kutoa kikamilifu Sh22,244 zilizokuwa zimewekwa kwa kila mwanafunzi wa sekondari. Fedha zikipungua, mwalimu hahisi, kwa kuwa mshahara wake unatoka kwingine. Anayehisi ni mpishi.

Ndipo shule nyingi zinapokimbilia mikataba ya muhula, au kibarua cha siku, ili likizo isilipiwe. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi, mwenye haki zake. Lakini mtu asiyejua kama atarejea muhula ujao si mwepesi wa kwenda mahakamani.

Baadhi ya wakazi huelekeza lawama kwa serikali ya kaunti. Wanabisha mlango usio wao. Jedwali la Nne la Katiba limetaja elimu maalumu kwa jina katika orodha ya majukumu ya serikali ya kitaifa, pamoja na shule za msingi na sekondari. Kaunti imeachiwa chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kutunzia watoto.

Wapo wanaohofu kwamba kumlipa mlezi marupurupu kutafungua lango kwa kila mfanyakazi wa umma kudai yake. Hofu hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama serikali haingekuwa imekwisha kukubali kanuni yenyewe. TSC humlipa mwalimu asiyeona Sh15,000 kwa mwezi ili amlipe mtu wa kumsomea, na mwalimu anayetumia kiti cha magurudumu hupata kiasi hicho kwa ajili ya msaidizi. Yaani thamani ya msaidizi imepimwa na kuandikwa, pale anayesaidiwa anapokuwa mtu mzima mwenye ajira. Anaposaidiwa mtoto wa miaka tisa, kalamu huishia hapo.

Nje ya Kenya mambo hayako hivyo kila mahali. Nchini Uingereza, mkataba wa kitaifa wa wafanyakazi wa serikali za mitaa una posho maalumu kwa walezi wa watoto wadogo katika taasisi za elimu wanaohudumia wenye mahitaji maalumu, na hutangazwa pamoja na viwango vingine vya mishahara.

Neno 'motisha' nalo lahitaji kuangaliwa. Kuna motisha ya matokeo, ambapo mtu hulipwa zaidi kwa kuonyesha ufanisi, na kuna nyongeza ya mazingira na ujuzi. Ile ya kwanza haifai hapa. Mtoto aliyechukua mwaka mzima kujifunza kushika kijiko hapimwi kwa alama, na mlezi anayelipwa kwa maendeleo atavutiwa na watoto wepesi na kuwaacha wazito. Inayofaa ni ya pili: kiasi kisichobadilika kwa anayemgusa mtoto, kiasi kingine kwa zamu ya usiku, na kingine kwa aliyepata mafunzo na cheti. Karani wa shule maalumu, pamoja na heshima yote anayostahili, hufanya kazi ile ile ya karani wa shule jirani. Fedha hizo pia zingelazimika kuja zikiwa na fungu lake katika mgao, lisiloruhusiwa kuhamishiwa kununua kuni au kulipa deni la umeme. Zikichanganywa na nyingine, hazitamfikia mlezi.

Limebaki suala la vitengo. Sera ya elimu kwa wanafunzi wenye ulemavu ya mwaka wa 2018 inasisitiza mtoto asome pamoja na wenzake karibu na nyumbani, na Katiba, kifungu cha 54, inaelekea huko huko. Maana yake ni kwamba mtoto mwenye usonji katika mitaa ya Athi River anaweza kuwa katika kitengo ndani ya shule ya msingi ya kawaida, wala si katika shule yenye neno 'maalumu' langoni. Msaidizi wa kitengo hicho huenda akahesabiwa kuwa mfagiaji wa shule aliyeazimwa. Marupurupu yakifungwa kwenye jina la shule, yeye atabaki nje. Yakifungwa kwenye mtoto aliyepimwa na kituo cha tathmini cha EARC, vituo ambavyo Kenya imekuwa navyo tangu 1984, atakuwa ndani.

Mtoto huyo huyo, miaka miwili kabla, alikuwa katika chekechea ya kaunti. Kama chekechea hiyo ilikuwa na msaidizi aliyemzoea, msaidizi huyo ni mwajiriwa wa Machakos, na siku mtoto anapovuka ua kuingia darasa la kwanza anaingia katika mamlaka ya Nairobi, kwa bodi nyingine, na kwa mtu mwingine atakayeanza upya kujifunza ngumi ile iliyokunjwa ina maana gani.