Kutafsiri Misimu ya Kufeli Mtihani

Misimu ni lugha ya kundi na ya kipindi. Anayeitafsiri neno kwa neno humpotosha msomaji na kumbadilisha mhusika. Chukua mwanafunzi anayesema kwa Kiingereza, "I bombed the exam." Tukiandika "Nililipua mtihani", msomaji aweza kudhani aliumudu. Ajabu ni kwamba Mwingereza akisema jambo lilikwenda "like a bomb", anamaanisha lilifana sana. Bomu ni lile lile, maana ni kinyume.

Hivyo basi, mfasiri ajiulize maswali matatu.

Kwanza, nani anasema na nani? Neno "kufeli" limetoholewa kutoka Kiingereza, lakini limekwisha kuwa sanifu. Halina tena utani wa "flunk". Kijana akizungumza na mwenzake, "nimepata yai" inafaa zaidi. Yai ni sifuri kwa umbo, na kwa kuwa gredi ya chini kabisa katika KCSE ni E, kauli hiyo pia ni chuku. Huku Malindi na Kilifi tunakofua nazi kwa kifuo, "sikufua dafu" hutujia upesi. Hata hivyo, hiyo ni nahau kongwe wala si misimu. Ukimpa kijana, atasikika kama babu yake.

Pili, nani analaumiwa? "The teacher flunked me" yahitaji kauli ya kutendesha: "Mwalimu alinifelisha." "Aliniangusha" ina utata, kwani huweza kumaanisha alinivunja matumaini. Anayesema "nilifeli" amejitwika mzigo mwenyewe. Kiambishi kimoja kimehamisha lawama, na mhakiki wa wahusika hana budi kukiona.

Tatu, kufeli huko kumezaa nini? "Flunk out" ni kufeli hadi kuondolewa chuoni. Wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Tanzania husema "kudisko". Msomaji asiyeujua msimu huo aandikiwe "kufukuzwa chuo kwa kufeli", ingawa utani utapotea.

Tatizo hili si letu pekee. Kwa Kihispania, aliyefelishwa mtihani, sawa na aliyekataliwa na mpenzi, husemwa amepewa maboga. Tukiyaleta maboga hayo Pwani yalivyo, msomaji atatazamia futari.

Mtahiniwa asiulize, "Neno hili ni nini kwa Kiswahili?" Aulize, "Mhusika huyu, angekuwa Mswahili, angesemaje?"