Utafiti wa muhogo umevuka mipaka, pingili bado hazijapata soko

Ugonjwa wa batobato kali ulipoangamiza mashamba ya muhogo Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuendelea muongo uliofuata, moja ya aina zilizowainua wakulima ni Nase 3, waliyoiita Migyera. Aina hiyo ilitoka Ibadan, Nigeria, kwenye taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, IITA, ikijulikana kama TMS 30572. Lakini asili ya ukinzani wake ni kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, Tanzania. Hapo, katika miaka ya 1930, watafiti Storey na Nichols walianza kuzalishanisha muhogo na jamaa yake wa Brazili, mti ambao pwani unajulikana kwa kisamvu cha mpira. Mbegu za kazi ile zilipelekwa Nigeria, IITA ikazitumia kuanzia miaka ya 1970, na ukinzani ukarudi kwetu Afrika Mashariki.

Kuanzia 2012 mradi wa NextGen Cassava, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani kwa fedha za Wakfu wa Gates na serikali ya Uingereza, uliziunganisha IITA na taasisi za Nigeria na Uganda, kisha TARI ya Tanzania. Ulisoma vinasaba vya mche ungali mchanga ili kukadiria utakavyozaa, bila kungoja misimu kadhaa shambani. Takwimu zake ziliwekwa wazi kwenye hifadhidata ya mtandaoni ya Cassavabase. Mradi mwingine ulizikutanisha Kenya, Malawi, Msumbiji, Tanzania na Uganda: kila nchi ilitoa aina zake bora, zikasafishwa virusi maabara, zikajaribiwa kwa wenzake. Nchi zinapeana mali zao bora bila choyo, na hilo linastahili kusifiwa.

Lakini biashara ya aina hizo inakwama kwenye pingili, vipande vya shina vinavyopandwa. Kilo 25 za mbegu ya mahindi hutosha hekta nzima na bodaboda huzibeba. Hekta ya muhogo hutaka pingili kama 10,000, mzigo wa pikapu, na zikicheleweshwa juani hukauka. Tena shamba moja la muhogo kwa mwaka hutoa pingili za kupanda takribani mashamba 10 tu. Kampuni ya mbegu ikipiga hesabu hiyo hurudi kwenye mahindi. Na mkulima naye amezoea kukata kwa jirani bure, ilhali ugonjwa wa michirizi ya kahawia unaweza kujificha kwenye mizizi, majani yakaonekana salama, akaugundua uozo siku ya kuvuna.

Ndiyo maana wazalishaji wadogo wa vijijini, wanaokaguliwa na taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu Tanzania, TOSCI, na kuuza mbegu zilizoazimiwa ubora, naona ndio tumaini la kweli la sekta hii. Wako karibu na mnunuzi, na usafiri hauwamalizi. Wanachokosa ni mnunuzi wa uhakika. Kiwanda cha wanga kinachotaka mizizi ya kutosha kina sababu ya kununua pingili zao, kuwakopesha wakulima wake wa mkataba, na kukata deni wakati wa mavuno.

Sheria nazo zina pengo. Mkataba wa kimataifa wa rasilimali za kijenetiki za mimea, ulioanza kutumika 2004, uliuingiza muhogo kwenye orodha ya mazao yanayobadilishwa kwa masharti ya pamoja, lakini ule wa kulimwa peke yake. Jamaa zake wa mwituni, akiwemo yule aliyetumika Amani, waliachwa nje, wakati sehemu ya kinga tunayoitegemea ilitoka kwao.

Fedha nyingi za utafiti huu ni za wafadhili, na kila mradi una tarehe ya kufungwa. Mzalishaji wa pingili anayelipia mbegu mama kwenye kituo cha TARI cha Kibaha au Naliendele kila msimu angekipa kituo mapato yasiyotegemea barua kutoka ng'ambo. Kingekuwa kiasi kidogo kwa sasa, lakini kingeweza kuwalipa vibarua wa vitalu hata mfadhili akiondoka.