Dobi wa Paris: Mkono mmoja nguo, mkono mwingine mtoto

MCHORO wenyewe ni mdogo, sentimeta 49 kwa 33.5, wa rangi za mafuta juu ya ubao. Mama anapanda ngazi za mawe kutoka mto Seine, jijini Paris. Mkono mmoja amekumbatia furushi la nguo, mwingine amemshika mtoto. Mtoto naye ana mzigo wake: kibao cha kupigia nguo wakati wa kufua.

Aliyeuchora ni Mfaransa Honoré Daumier, takriban mwaka 1863, na leo umo katika makumbusho ya Orsay, Paris. Daumier aliishi kisiwa cha Saint-Louis, katikati ya mto huo, ambako aliwaona madobi wakienda na kurudi kwenye mashua za kufulia zilizofungwa ukingoni. Enzi zake alifahamika zaidi kwa katuni za magazetini. Mwaka 1832 alifungwa jela kwa kumchora Mfalme Louis-Philippe kwa dhihaka.

Hapa hakuna dhihaka. Hakuna hata sura ya kumtambua mtu, kwa kuwa uso wa mama umo kivulini. Mwanga umeachiwa majengo ya ng’ambo ya mto. Wachoraji wa uhalisia wa wakati ule, akina Courbet na Millet, waliwaweka watu wa kazi katikati ya picha. Daumier amefanya hivyo bila kumpamba mama huyu wala kumlilia.

Kinachosimulia ni mwili. Mzigo wa upande mmoja huuvuta uti wa mgongo, na misuli ya upande wa pili hulazimika kukaza ili mtu asipinde. Nguo zikiwa bado na maji, uzito huongezeka. Juu ya hayo, mama ameinama kumfuata mtoto, mkao ambao kiuno chochote kingeulalamikia.

Lakini mtoto hawezi kuharakishwa. Ngazi ni ndefu kwa miguu yake. Kwa kawaida, mtoto ambaye hajafikisha miaka mitatu hupanda kwa kuweka miguu yote miwili kwenye kila ngazi, tena akishikwa mkono. Daumier aliliona hilo: mguu mdogo unajivuta juu, na mama anakwenda kwa mwendo wa mtoto, si wa mzigo.

Wengi husema hii ni picha ya upendo wa mama. Ni kweli, ila ni nusu. Nusu ya pili ni kwamba mtoto mdogo namna hiyo ametoka mtoni, kando ya maji yenye kina, mahali pa kazi, na haielekei kwamba mama alikuwa na mtu wa kumwachia. Kibao mkononi mwake kinaweza kukufanya utabasamu, maana watoto hupenda kushika vya mama. Hata hivyo si kitu cha kuchezea. Ni chombo cha kazi ambayo, kwa hali ya familia kama hiyo, huenda ikamngoja na yeye.

Daumier aliwachora wawili hawa zaidi ya mara moja. Mchoro mwingine uko makumbusho ya Metropolitan, New York, na unaweza kuutazama kwenye tovuti yao. Ukiufungua kwenye simu, anza kwa kukuza pale mikono inaposhikana, kisha mpe mwanao simu akwambie anachokiona.