Kununua Ploti Kitengela Ukiwa Ng'ambo: Soma Hii Kabla ya Kubonyeza "Tuma"

Mwaka wa 2024 Wakenya wanaoishi nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9. Si haba, na sehemu ya pesa hizo huishia kwenye udongo. Ukipita barabara ya Namanga kutoka Athi River hadi Isinya, mabango ya ploti yako kila upande. Mteja aliye Doha, Dallas au London huona picha ya bango hilo kwenye simu, kisha anajiuliza: nikimtumia muuzaji pesa kwa simu, niko salama?

Ujumbe wa muamala unathibitisha kwamba pesa zimetoka kwako na zimefika kwa namba fulani, basi. Hauthibitishi kwamba umenunua ardhi. Sheria ya Mikataba ya Kenya, kifungu cha 3(3), inataka makubaliano ya kuuza ardhi yawe kwa maandishi, yatiwe sahihi na pande zote, na sahihi hizo zishuhudiwe. Video ya broka akitembea kwenye nyasi akisema "boss, hapa ndio kwako" si mkataba, hata akiituma mara kumi.

Kajiado ina historia yake, na ukiielewa utajua cha kuuliza. Ardhi nyingi ya upande wa Kitengela ilikuwa ranchi za pamoja za Wamaasai, zilizosajiliwa chini ya sheria ya 1968. Kuanzia miaka ya 1980 ranchi zikagawanywa, kila mwanachama akapewa kipande chake. Vipande hivyo vimekatwa tena na tena hadi kufikia ploti za 50 kwa 100. Ndiyo maana namba nyingi za huku huanza na Kajiado/Kaputiei-North, kisha tarakimu. Kila mara ardhi inapokatwa, hati mama hufungwa na hati mpya hutolewa. Ukiuziwa ploti kabla hati mama haijafungwa, umenunua ahadi. Inaweza kutimizwa, na inaweza pia kukuzeesha.

Shida nyingine ni mzee aliyesajiliwa kuwa ameshafariki. Watoto wake wanauza, tena kwa nia safi kabisa: "Sisi ndio familia, tumekubaliana." Lakini Sheria ya Urithi hairuhusu ardhi ya marehemu iuzwe kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi. Omba cheti hicho cha mahakama. Kama mzee yuko hai na ana mke, au wake, ridhaa yao ni muhimu pia. Familia ya Kimaasai inaweza kuwa kubwa, na aliyesahaulika ndiye atakayekuja na kesi ukishamaliza kujenga.

Kisha kuna bodi ya ardhi. Kama shamba bado ni la kilimo, mauzo lazima yapate kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ya eneo hilo, na ombi linafaa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba usainiwe. Bila kibali, sheria inayahesabu mauzo hayo kuwa batili. Unaruhusiwa kudai pesa zako kama deni, ndiyo, lakini kumdai mtu aliyeshazitumia ukiwa Riyadh si mchezo.

Sasa, tuseme umeonyeshwa hatimiliki na ni ya kweli. Bado. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu ploti ya ufuoni Nyali. Kampuni ilikuwa na hati na ilikuwa imenunua kwa mwenye hati. Mahakama ikasema ardhi ile ilikuwa ya umma, ilitolewa mwanzoni bila kufuata utaratibu, na hati zilizofuata hazikuweza kusafisha mwanzo huo. Miezi michache baadaye, Oktoba 2023, watu walibomolewa nyumba huko Mavoko, mwendo mfupi tu kutoka Kitengela, baada ya mahakama kuamua kwamba ardhi ni ya kampuni ya East African Portland Cement. Wengi walikuwa wamelipa na kujenga, na wana watoto shuleni.

Kwa hivyo usitosheke na sachi inayoonyesha jina la mwenye ardhi leo. Mwambie wakili atafute pia nakala ya kadi ya kijani, ile rejista inayoonyesha ardhi imepitia mikono ya nani tangu mwanzo, na kama kuna kizuizi au mkopo wa benki juu yake. Sachi ifanywe na mtu wako, katika masjala ya ardhi. Picha ya sachi iliyotumwa na broka ihesabu kama picha tu. Mfumo wa Ardhisasa ulizinduliwa Aprili 2021 ukianzia Nairobi, kwa hivyo usishangae faili ya Kajiado ikihitaji mtu wa kwenda Kajiado. Mlipe pia sovea alinganishe bikoni na ramani. Kuonyeshwa ploti nzuri kando ya lami na kuuziwa nyingine iliyo bondeni ni hila ya zamani sana.

Upande wa malipo ndio tunaoujua zaidi. Amana ya kawaida ni asilimia 10 ya bei, na mahali pake ni akaunti ya wateja ya wakili, si simu ya mtu. Jina la wakili unaweza kulikagua kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili kama ana leseni ya mwaka huu. Ukiambiwa ugawanye pesa kwa namba nne "kwa sababu ya kikomo", simama hapo. Jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka PIN lilingane na lililo kwenye mkataba. Likitofautiana, hata kwa "huyo ni shemeji yangu", usitume. Na ukikosea, tupigie papo hapo. Pesa zikishatolewa kwa wakala, kuzirudisha ni vigumu mno.

Jambo la mwisho linawahusu waliochukua uraia wa nchi nyingine. Kifungu cha 65 cha Katiba kinampa asiye raia ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Katiba ya 2010 inaruhusu uraia pacha, lakini kama ulipoteza uraia wa Kenya kabla ya hapo, unaurejesha kwa kutuma maombi, haurudi wenyewe. Shughulikia hilo kabla ya ploti, kwa sababu bodi ya ardhi itakuuliza kitambulisho.