Mgeni Siku Mbili: Pragmatiki ya Siku za Kwanza za Mwanafunzi wa Kigeni katika Familia ya Unguja

1. Utangulizi

Kiswahili hutumia neno moja tu, mgeni, kwa mtu aliyealikwa na kwa mtu asiyejulikana, kwa aliyekuja kutembea na kwa raia wa nchi nyingine. Kinyume chake ni mwenyeji, neno ambalo kwa asili ni mwenye mji. Baina ya maneno haya mawili pana njia ambayo kila mwanafunzi anayepelekwa kuishi na familia katika nchi ya kigeni hana budi kuipita, na methali mashuhuri imekwisha kuipimia muda wake: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Utaratibu wa kumweka mwanafunzi katika nyumba ya wenyeji si mpya. Shirika la The Experiment in International Living, lililoasisiwa na Mmarekani Donald Watt mwaka 1932, ni miongoni mwa waanzilishi wake. Shirika la Peace Corps la serikali ya Marekani, lililoundwa mwaka 1961, nalo limeutumia katika kuwafunza Kiswahili wanaojitolea nchini Tanzania. Kisiwani Unguja, wanafunzi wa Kiswahili kutoka Marekani, Ulaya na kwingineko wamekuwa wakipokewa na familia za Mjini na vitongoji vyake kwa miaka mingi.

Aghalabu hudhaniwa kwamba tatizo kubwa la mwanafunzi huyo katika siku zake za kwanza ni uchache wa msamiati. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Kinachomtatiza zaidi ni kushindwa kuzitambua dalili za kiisimu zinazomjulisha amefika wapi katika njia ya kutoka kwenye ugeni hadi kwenye uenyeji. Kati ya dalili hizo, iliyo muhimu kuliko zote, na inayofahamika vibaya kuliko zote, ni amri.

2. Makosa yanayochekwa na makosa yanayonyamaziwa

Hymes (1972) alibainisha kwamba kujua lugha si kujua sarufi yake tu, bali pia ni kujua nani aseme nini, kwa nani, wakati gani na kwa namna gani. Ujuzi huo ndio uitwao umilisi wa mawasiliano. Thomas (1983) aliendeleza hoja hiyo kwa kuonyesha kwamba kosa la sarufi humfanya msemaji aonekane hajui lugha, ilhali kosa la pragmatiki humfanya aonekane hana adabu.

Tofauti hii hudhihirika mapema katika nyumba ya wenyeji. Mwanafunzi anayesema *mama wangu badala ya mama yangu husahihishwa na watoto papo hapo. Mwingine huambiwa kwamba gari la shamba litaondoka saa moja asubuhi. Kwa kuwa kwao siku huhesabiwa tangu usiku wa manane, naye huamka saa saba za usiku, akavaa na kusimama mlangoni. Nyumba nzima hucheka, naye hujifunza, na jambo huisha.

Lakini mwanafunzi huyohuyo akipita ukumbini asubuhi bila ya kumwamkia bibi aliyekaa kwenye mkeka, hakuna atakayecheka wala atakayemsahihisha. Kumsuta mgeni ni kinyume cha ukarimu, kwa hivyo watu wazima hunyamaza. Katika kimya hicho hukumu hutolewa, na anayehukumiwa hana habari. Ikumbukwe pia kwamba kadiri sarufi yake inavyokuwa nzuri ndivyo hukumu inavyozidi kuwa nzito, kwani mtu anayeweza kunyambua vitenzi bila ya kukosea hadhaniwi kuwa hajui kusema shikamoo. Kwa sababu hiyo mwanafunzi wa mwaka wa tatu yumo hatarini kuliko yule aliyeanza juzi.

3. Siku ya kwanza: semi za jozi

Schegloff na Sacks (1973) walieleza kwamba semi fulani huja mbilimbili, na ile ya kwanza ikishatamkwa huidai ya pili. Siku ya kwanza ya mgeni katika nyumba ya Waswahili imejengwa kwa semi za namna hiyo:

(1) a. Hodi! – Karibu!
b. Shikamoo. – Marahaba.
c. Habari za asubuhi? – Njema.
d. Pole. – Nimeshapoa.

Hodi si sauti ya kugonga mlango, bali ni ombi la ruhusa. Katika jamii ya Kiislamu, kama ilivyo Unguja kwa sehemu kubwa, kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba ya mtu kumeagizwa na dini, na anayeomba mara tatu asijibiwe hurejea alikotoka. Kwa hivyo anayesukuma mlango ulio wazi kwa kuwa "uko wazi" amechanganya mlango na ruhusa.

Jozi ya (1b) ina sifa ya pekee, kwamba haigeuziki. Shikamoo, ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni ufupisho wa "nashika miguu yako", hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa tu. Mwanafunzi aliyezoea salamu za usawa huona haya kuitamka, au huitamka kwa kila mtu, hata kwa mtoto aliyemwamkia yeye. Katika hali zote mbili amekosea mahali pake katika safu ya umri, na katika nyumba hiyo mtu asiyejua mahali pake katika safu hiyo bado hajawa na mahali.

Jozi ya (1c) ni mfano wa kile ambacho Malinowski (1923) alikiita maongezi ya kuunganisha watu, yaani usemi ambao kazi yake ni kujenga uhusiano na si kupasha habari. Jibu la habari ni njema hata kama kuna mgonjwa ndani, ugonjwa hutajwa baadaye: "Njema, ila mtoto hakulala." Mgeni anayejibu kwa kueleza tumbo lake linavyomsumbua amesema kweli, lakini ameisema kabla ya wakati wake. Ama pole, yeye huisikia anapojikwaa na kudhani kwamba mwenyeji anaomba radhi, ilhali anashirikiana naye tu katika maumivu.

4. Siku ya pili: mkekani

Katika siku ya pili uwanja mkubwa wa mafunzo ni chakula. Hapo hutokea mkasa unaosababishwa na kanuni moja ya kisarufi. Katika Kiingereza jibu la swali kanushi hufuata ukweli wa jambo lenyewe, lakini katika Kiswahili hufuata usemi wa muulizaji: ndiyo huuthibitisha na hapana huukataa. Kwa hivyo:

(2) Mama: Huongezi wali?
Mwanafunzi: Hapana.

Mwanafunzi amekusudia kusema kwamba ameshiba. Mama amesikia kwamba si kweli kuwa haongezi, yaani anaongeza, naye humpakulia. Mwanafunzi hula kwa heshima ya mwenyeji, swali hurudiwa, jibu hurudiwa, na wali huja tena. Usiku huo mmoja hulala tumbo likimuuma, na mwingine hulala akishukuru kwamba mgeni wake anapenda wali. Jibu lililotakiwa lilikuwa: "Ndiyo, nimeshiba."

Kinyume chake hutokea kwa neno asante. Mwenyeji husema "Karibu chai", mwanafunzi hujibu "Asante" akinyoosha mkono, na mwenyeji huirudisha birika mahali pake. Neno hilo likisemwa peke yake baada ya kukaribishwa, huweza kufahamika kuwa ni kukataa kwa adabu. Anayekubali hukaa, hunawa na kula. Hapa kitendo ndicho jibu.

5. Siku ya tatu: jembe

Kwa siku mbili vitenzi alivyoelekezewa mgeni vilikuwa vichache, na vyote vilimnufaisha yeye: karibu, kaa, kula, pumzika. Siku ya tatu, au pale zamu yake inapofika, husikia semi za aina nyingine:

(3) a. Hebu nipokee mtoto.
b. Kaninunulie chumvi dukani.
c. Usichelewe kurudi, mwanangu.

Tazama umbo la (3b). Kiambishi ka- kinamwondosha msikilizaji mahali alipo ili akatende. -Ni- pamoja na mnyambuliko wa kutendea vinamtaja mama kuwa ndiye mnufaika. Hakuna tafadhali wala samahani. Mwelekeo wa manufaa umegeuka, na vipambo vya adabu vimeondolewa.

Brown na Levinson (1987) wameonyesha kwamba amri isiyolainishwa huweza kutokana na mamlaka makubwa ya msemaji, au na ukaribu mkubwa baina ya wasemaji. Mwanafunzi wa kigeni husoma ile maana ya kwanza. Huona kwamba ukarimu umekwisha, kwamba amechosha, au kwamba amegeuzwa mtumishi ilhali malazi yake yamelipiwa. Akiulizwa "Unakwenda wapi?" kila anapotoka, huona pia kwamba anachungwa. Wako wanaoomba kuhamishwa nyumba wakati huohuo ambapo wamekubaliwa.

Mwenyeji amekusudia maana ya pili. Mgeni haagizwi, anayeagizwa ni mtoto wa nyumbani. Jembe la methali si adhabu, kwani apewaye jembe amepewa pia sehemu yake ya shamba. Neno mwanangu katika (3c) limeweka wazi jambo hilo, na swali la "wapi" huulizwa kwa mtu ambaye asipoonekana atatafutwa.

Hata hivyo, haifai kuhitimisha kwamba kila amri ni mapenzi. Uonevu nao huzungumza kwa amri. Kipimo kinachoweza kutumika ni kumsikiliza mwenye rika na jinsia sawa na ya mwanafunzi katika nyumba hiyo. Ikiwa dada wa nyumbani naye hukalishwa kwenye mbuzi akune nazi, na kaka naye hutumwa dukani, basi mwanafunzi ametiwa katika safu ya watoto. Ikiwa yeye peke yake ndiye aagizwaye, na majina ya ukoo hayatumiki kwake, hapo ana haki ya kulalamika. Ni kweli pia kwamba mgawanyo huo humpa mwanafunzi wa kike kazi nyingi kuliko wa kiume, na hilo linafaa aelezwe kabla ya kufika.

Upande wa pili wa jambo hili ni ulimi wa mwanafunzi mwenyewe. Anayeshukuru kwa kila sahani na kuomba radhi kwa kila hatua anadhani anazidisha adabu. Kwa kweli anajirudisha kila siku katika siku ya kwanza. Ndiyo maana mama huweza kumwuliza kwa masikitiko: "Unanishukuru nini? Hapa si kwenu?" Swali hilo ni mlango uliofunguliwa, na anayelijibu kwa asante nyingine amebaki nje.

6. Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba siku za kwanza katika familia ya wenyeji zina sarufi yake, inayoanza kwa semi za jozi na kuishia kwenye amri. Kutokana na hayo, mambo matatu yanapendekezwa kwa walimu. Kwanza, jozi za salamu na jibu la swali kanushi zifundishwe kabla ya mwanafunzi kupelekwa nyumbani kwa watu. Pili, familia ziombwe wazi kwamba kumsahihisha mgeni huyu ndiyo ukarimu wenyewe, kwani ametoka mbali kwa ajili hiyo. Tatu, mwanafunzi ashauriwe kukaa na watoto, ambao bado hawajajifunza kunyamazia makosa ya watu.

Zaidi ya yote, aelezwe mapema maana ya jembe, ili siku atakapotumwa chumvi asiende chumbani kufunga mizigo, bali achukue pesa na kwenda dukani.