Rosa Mistika: alitoka nyumbani na nini?



Sisi wa darasa la mwisho tunasoma kitabu kimoja kwa zamu, maana kopi ni moja tu na jalada lake limekwisha kutoka. Kinaitwa Rosa Mistika. Hakimo mu programu yetu, lakini kimetugombanisha kuliko vitabu vyote vya programu. Kwa hiyo tumeombwa kueleza hapa ni kitabu gani, na juu ya nini kinatuhusu sisi watoto wa Masisi na Walikale ambao kesho kutwa tutafunga valizi.

Mwandishi wake ni Euphrase Kezilahabi, mutu wa Tanzania. Alizaliwa mwaka 1944 ku Namagondo, kijiji cha kisiwa cha Ukerewe ndani ya Ziwa Victoria. Rosa Mistika ni kitabu chake cha kwanza, kilitoka mwaka 1971, yeye mwenyewe akiwa hata hajafika miaka thelathini. Nyuma akaandika Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na vingine. Akawa profesa, akafundisha miaka mingi inchi ya Botswana, akafariki mwezi wa kwanza 2020. Kitabu hiki kilipotoka kilileta makelele mengi. Kilikatazwa mu mashule ya Tanzania, halafu kikarudishwa, na hao hao waliokatazwa kukisoma wakaona wadogo wao wanakisoma darasani.

Jina lake lilitusumbua sisi Waprotestanti. Ndugu zetu Wakatoliki walitueleza: ndani ya litania ya Maria kuko maneno ya Kilatini yanayomwita Rosa mystica, ni kusema ua la waridi lenye siri. Kezilahabi ametwaa jina hilo safi akampa musichana wa kijiji, halafu akatuonyesha dunia inamufanya nini.

Tuseme hadisi kwa ufupi. Rosa ni kifungua mimba wa Zakaria na Regina, ku Namagondo. Mama ni mutu wa kuvumilia na wa kusali. Baba ni mulevi. (Anayejua nyumba ambamo kasiksi inaingia mbele ya chumvi hana lazima ya kuelezwa zaidi.) Rosa angali musichana mudogo, kijana jina lake Charles anamwandikia barua. Baba anaikamata ile barua. Hamuulizi mutoto chochote, hamufundishi chochote, anamupiga tu, kipigo cha kutosahau. Tangu siku ile Rosa anaogopa wanaume wote kama mutu anavyoogopa nyoka.

Wazazi wengi wa kwetu wangesema: vema, huyo amekomeshwa! Na mwanzoni inaonekana hivyo kweli. Rosa anafaulu, anavuka ziwa, anaingia shule ya wasichana ya Rosary ku Mwanza, na kule hataki hata kusalimiana na mwanaume. Wenzake wanamucheka. Lakini pole pole anatambua jambo moja: Zakaria hayuko hapa. Fimbo imebaki ng'ambo ya maji. Na kumbe kile kilichokuwa kinamushika Rosa kilikuwa ile fimbo peke yake, ndani yake hamukuwekwa kitu kingine. Anapofika chuo cha ualimu ku Morogoro, mbali kabisa na kisiwa chao, hakuna tena cha kumushika. Anakwenda na huyu, kesho na yule, hata mukubwa wa chuo mwenyewe. Anatoa mimba. Nyuma, akiwa mwalimu, Charles wa ile barua ya zamani anarudi, wanapendana, karibu waoane. Charles anapovumbua kwamba Rosa si bikira anamuacha, na Rosa anajiua.

Hatufichi ukurasa huo. Anayeusoma na moyo wake ukawa muzito asikae naye peke yake, atafute mutu wa kusema naye siku ile ile: mwalimu, muchungaji, mama, rafiki.

Sasa mabishano. Wenzetu wengine walipomaliza kusoma walisema: munaona? Ndiyo maana baba anakataa kutuma binti Goma. Hilo neno tunalisikia kwetu kila mwaka majibu ya mutihani wa Serikali yanapotoka. Kijana amefaulu, watu wanauzisha mbuzi. Binti amefaulu, baraza ya jamaa inakaa: “Atarudia na mimba, na franga zetu zitakuwa zimepotea.” Wanaosema hivyo wangependa kitabu hiki kiwe shahidi wao. Sisi tunaona wamekisoma upande mumoja. Mwandishi hakuanza hadisi Morogoro, ameianza Namagondo, ndani ya nyumba ya Zakaria, ku siku ya barua. Chuo hakikumufanya Rosa kuwa mutu asiyejua kusema “hapana” kwa akili yake. Alifika chuoni akiwa hivyo. Nyumbani alijifunza kunyamaza na kukimbia, na musichana aliyezoea kunyamaza mbele ya baba atanyamaza vile vile mbele ya mukubwa wa chuo.

Hapo tulikumbuka kitabu kingine ambacho wengi wetu tunakijua kwa somo la Kifaransa, L'Enfant noir cha Camara Laye wa Guinée, cha mwaka 1953. Yeye naye anatoka nyumbani akiwa na miaka kumi na mitano, anapanda gari-moshi toka Kouroussa mupaka Conakry, karibu kilometa 600, aende kujifunza ufundi. Angalieni anavyosindikizwa. Mama anamupa chupa ya maji toka Kankan ya kumwongezea akili (tusichekeshane, hata kwetu kuko mafuta ya namna hiyo), baba anakaa naye na kusema naye, na kule Conakry kuko baba mudogo anayemungojea. Machozi yake ni machozi ya mutu anayejua kwamba wanamupenda. Pengine mutasema yule ni mwanaume, njia yake ni nyepesi. Ni kweli, na ndiyo sababu Rosa alikuwa na lazima zaidi ya baba wa kukaa naye na kusema naye.

Kwa sisi jambo hili hapana la vitabu tu. Wazee wetu walikwenda mbali: Kisangani, ambako Waprotestanti walianzisha Université Libre du Congo mwaka 1963, ikaunganishwa ndani ya UNAZA mwaka 1971, ikawa Chuo Kikuu cha Kisangani mwaka 1981. Tangu 1985 kuko ULPGL ku Goma, ya makanisa yetu, na nyuma vyuo vingine vingi. Toka Masisi mupaka Goma ni kilometa karibu 80 tu, lakini yule aliyezipita wakati wa mvua, akisukuma gari ndani ya matope, anajua kwamba hesabu ya kilometa haisemi kitu. Mutu wa Walikale naye hesabu yake anaijua. Tena wengine kati yetu hawakungojea diploma. Mwanzoni mwa 2025, vita ilipofika Masisi-kati, Sake na Goma mwezi wa kwanza, na Walikale-kati mwezi wa tatu, walitoka nyumbani usiku na godoro ku kichwa. Hao walijifunza kuondoka mbele ya kujifunza kuagana.

Na kule mujini mwanafunzi anakaa wapi? Wachache kwa jamaa, ambako musichana anapika, anafua, anachota maji, halafu ndipo anafungua daftari. Wengine wanapanga chumba kidogo watatu au wane. Franga za mwezi zikichelewa, anatokea mutu mwema wa kusaidia, na kila mumoja wetu anajua malipo anayotaka. Kuko pia mambo ya pointi: mwalimu anayeshika karatasi ya mutihani ya binti na kutaka kitu ili asimwangushe. Kitabu cha 1971 kilisema hivyo wazi, na pengine ndiyo maana kiliwachoma watu wakubwa. Wenzetu wengi hawajui kwamba kwetu sheria iko: Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 mwezi wa saba 2006 imefanya kusumbua mutu kwa mambo ya ngono kuwa kosa la kuhukumiwa. Lakini sheria inamusaidia yule anayefungua kinywa, na tunarudia pale pale, ku nyumba ambamo mutoto anaruhusiwa kufungua kinywa.

Si kila kitu tunamukubalia Kezilahabi. Rosa anamulipa kila mutu deni, na wanaume waliomukosea wengi wanaendelea na njia yao. Mwandishi hakumupa hata mulango mudogo wa kurudi. Tunajua wasichana walioanguka wakasimama tena, wakamaliza masomo, na leo wanafundisha watoto wa wengine. Wangefaa kupata kitabu chao. Na ile aibu ya Charles kuhusu bikira, wakati hakuna aliyemuuliza Charles mwenyewe alikuwa wapi miaka yote hiyo! Wasichana wa darasa letu walipiga meza hapo, na wavulana wakatazama dirishani.

Ku mwisho wa kitabu Rosa na babake wanasimama mbele ya Mungu, na Rosa anamushitaki baba kwa namna alivyomulea. Tulibishana sana juu ya ukurasa huo. Mumoja alisema mutoto hawezi kumushitaki muzazi, amri ya tano inakataza. Mwingine akajibu kwamba Paulo, akisha kuwaambia watoto watii, anawaambia nao akina baba wasiwachokoze watoto wao, Waefeso 6, mustari wa 4, na kwamba mustari huo haujasikika sana ku mahubiri. Kengele ikalia tukiwa bado wima.

Neno la mwisho kwa watakaosoma: Kiswahili chake ni cha Tanzania. Musiogope. Kule wanasema “shule” ambapo sisi tunasema “masomo”, na mengine yanafahamika mukiendelea. Kopi inalindwa na mwalimu wetu wa Kifaransa, andikeni majina kwake. Kwa sasa iko mikononi mwa mwenzetu wa Walikale, na amesema hairudishi mbele ya siku ya kwanza, juu anataka kuisoma na mama yake.