Wati za Baiskeli: Jua Mpaka Wako

Ndugu mfanyakazi unayefanya mazoezi ya baiskeli, kuna chombo kinachopima nguvu za miguu yako. Mjerumani Ulrich Schoberer alikibuni mwaka 1986. Ukikanyaga, chuma cha pedali hujipinda kidogo sana. Chombo hupima mpindo huo na mwendo wa miguu, kisha huonyesha nguvu kwa wati. Mapigo ya moyo huchelewa kupanda. Wati huonekana papo hapo.

Fanya hivi:

1. Mwenye maumivu ya kifua amwone daktari kwanza.
2. Pasha mwili moto, kisha endesha dakika 20 kwa nguvu unazoweza kuzidumisha hadi mwisho. Usianze kwa pupa.
3. Toa sehemu 5 katika 100. Wastani wa wati 200 huwa 190: huo ndio mpaka wako.
4. Siku nyingi usipite robo tatu ya mpaka, yaani wati 142. Mazoezi makali yatosha mara 2 kwa juma.

Wati za kila siku zikikulemea baada ya zamu ya usiku, shuka ukalale. Aliyechoka huumia barabarani, huumia na kazini. Usishindane na wati za jirani.